Nyumba Ipuli: Hati ikaguliwe kabla ya malipo

Mfanyabiashara wa asali au tumbaku anayetaka kuweka faida yake katika nyumba ya Ipuli, Manispaa ya Tabora, kwa kawaida huanza kwa kutazama bati, kuta na kisima. Hata hivyo, ukuta wenye ufa hutengenezeka. Nyumba iliyouzwa na asiye na haki ya kuiuza humpotezea mnunuzi mtaji wote.

Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini. Anachonunua mteja ni jengo na haki ya kutumia kiwanja kwa muda maalumu. Hati ya miaka 33 iliyoanza mwaka 1995 inakoma mwaka 2028, na bei haina budi kuzingatia hilo.

Nyumba ikiwa na hati, mnunuzi achukue namba ya hati, kiwanja na kitalu, kisha aombe upekuzi kwa Msajili wa Hati. Daftari litaonyesha mmiliki, na kama kuna rehani au zuio. Ikiwa kuna barua ya toleo tu, jalada likaguliwe ofisi ya ardhi ya manispaa. Pale penye karatasi ya mauziano pekee, waulizwe serikali ya mtaa, majirani wa pande zote na wauzaji waliotangulia. Bikoni zithibitishwe na mpima ardhi.

Familia nayo isisahauliwe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Nyumba ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si mtoto mkubwa mwenye funguo.

Mwisho ni madeni: pango la ardhi, maji, na kodi ya majengo, ambayo tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia LUKU. Kodi ya faida ya mauzo humhusu muuzaji, lakini isipolipwa uhamisho wa hati hukwama.

Kwa hiyo mkataba uwe wa maandishi, malipo ya awali yawe madogo, na sehemu kubwa ya fedha ibaki mpaka upekuzi ukamilike na nyaraka za uhamisho zitiwe saini. Muuzaji halali hapotezi kitu kwa kusubiri. Anayeharakisha malipo kabla ya upekuzi aachwe na nyumba yake.