KUFUNGA NCHI WAKATI WA MARADHI: NANI ANALIPA GHARAMA?

Kila yanapozuka maradhi ya kuambukiza, hoja mbili hupambanishwa. Wapo wanaodai kwamba afya ni kwanza na uchumi utafuata. Wapo wanaodai kwamba uchumi ukisimama, njaa itaua kabla ya maradhi. Sisi tunaona kwamba mabishano haya yameanza mahali pabaya, kwa sababu yanauchukulia uchumi kama kitu kilicho mbali na watu. Uchumi wa mfanyakazi na mkulima ni unga wa jioni, nauli ya kumfikisha mama mjamzito hospitali, na daftari la mtoto. Anayeuvuruga huivuruga afya yenyewe. Na maradhi yakiachwa yaenee, nguvu-kazi inayozalisha mali ndiyo inayoanguka.

Tuchukue mfano wa jirani zetu wa Uganda. Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 alitangazwa tarehe 21 Machi, 2020. Shule zilikuwa zimekwisha kufungwa. Kabla mwezi haujaisha, usafiri wa umma ulisimamishwa, magari ya binafsi yakazuiwa, bodaboda zikakatazwa kubeba abiria, na wauza vyakula wakaagizwa walale sokoni. Kifo cha kwanza kilitangazwa Julai 2020, wakati nchi kadhaa tajiri zilikwisha kuzika maelfu ya watu. Mafanikio hayo hatuna haki ya kuyabeza.

Lakini nani aliyalipia? Mwenye mshahara wa mwezi alikaa nyumbani, na mshahara ukamfuata. Dereva wa bodaboda hula leo alichokipata leo. Yeye hakuruhusiwa kubeba abiria mpaka mwishoni mwa Julai. Serikali iliwagawia wenye shida wa Kampala na Wakiso unga kilo 6 na maharage kilo 3 kwa kila mtu. Mtu akila nusu kilo ya unga kwa siku, kilo 6 humalizika siku ya 12. Vizuizi vilihesabiwa kwa miezi.

Zaidi ya hayo, mwanzoni aliyetaka kupanda gari kwenda hospitali ilimbidi apate kwanza kibali cha mwakilishi wa Rais wilayani. Uchungu wa uzazi hausubiri kibali. Wajawazito waliondolewa sharti hilo baadaye. Hapa hatukuwa tena na afya upande mmoja na fedha upande wa pili; ilikuwa afya dhidi ya afya.

Shule nazo hazikufunguliwa kwa wanafunzi wote mpaka tarehe 10 Januari, 2022. Mtoto wa mwenye nacho alikuwa na kompyuta na mwalimu wa nyumbani. Mtoto wa maskini alikwenda kwenye kibarua, na wasichana wengine wakarudi wakiwa mama, au hawakurudi kabisa. Deni hili haliandikwi katika daftari la hospitali wala la hazina, lakini lipo, na wanaolilipa ni wale wale.

Nchi ilipofungwa tena kwa siku 42, Juni 2021, familia zilizochaguliwa zilipelekewa shilingi 100,000 kwa simu. Hiyo ilikuwa hatua mbele, ingawa fedha hizo zilitolewa mara moja tu.

Tunajifunza nini? Kufunga nchi hakuui virusi. Hununua muda tu. Muda huo una maana iwapo unatumika kuandaa vitanda, oksijeni, wauguzi na chanjo. Kwa hiyo, kabla ya kuunga mkono amri ya namna hii, kada hana budi kuuliza maswali manne. Muda unaonunuliwa utatumika kwa kazi gani? Ni tabaka gani linaulipia? Fidia itamfikia mlipaji kabla chungu chake hakijakauka, au baadaye? Na amri itapitiwa upya lini, na wananchi wataulizwa kwa njia gani?

Maswali hayo hayo yamhusu pia anayepinga kufunga. Kutochukua hatua nako kuna walipaji: mzee, muuguzi, na mgonjwa anayekosa kitanda. Kazi yetu si kuchagua kati ya uhai na unga. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba anayeambiwa akae ndani kwa ajili ya wote, analishwa na wote.