Maji Machafu ya Mji na Uhai wa Mto

Leo twataka kuongea habari za kitu ambacho watu wengi hawapendi kukitaja, nacho ni maji machafu. Kila siku twayamwaga, ya kuogea, ya kufulia, ya jikoni na ya chooni. Lakini ni wachache wanaouliza, Je, yamekwenda wapi?

Tutwae mfano wa mji wa Iringa. Mji huu umejengwa mahali pa juu, na bondeni unapita mto Ruaha Mdogo. Mji huteka maji katika mto huo, na maji machafu ya mabomba yake, yakiisha kupita katika mabwawa ya kusafishia, hurudi mtoni. Ruaha Mdogo huingia katika Ruaha Mkuu, nao huenda Mtera na Kidatu, hata maji yakafika baharini kwa njia ya Rufiji. Basi maji anayoyatupa mtu wa mjini ndiyo anayoyachota mtu wa chini.

Labda mtu atasema, “Mto hujisafisha wenyewe.” Ni kweli, lakini nguvu zake zina kiasi. Katika maji mna vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo hula uchafu. Vijidudu hivyo huvuta hewa iitwayo oksijeni iliyomo majini, na samaki nao huivuta hiyo hiyo. Katika nchi zetu, lita 1 ya maji ya mto haichukui zaidi ya miligramu 10 hivi za hewa hiyo. Lakini lita 1 ya maji machafu ya mji, yasiyosafishwa, huweza kutaka miligramu 200 au 300 kwa muda wa siku 5. Maana yake, ndoo moja ya uchafu yaweza kumaliza hewa ya ndoo 20 au 30 za mto. Ndipo samaki hufa na maji hunuka.

Kwa hiyo kazi ya mabwawa ni kuufanya ulaji huo kabla maji hayajafika mtoni. Kwanza, maji hupita katika chujio la vyuma lizuialo matambara na takataka. Kisha huingia katika bwawa lenye kina kirefu, mita 2 hata 5. Humo uzito wote huzama ukawa tope, na vijidudu visivyohitaji hewa huuozesha. Bwawa la pili lina kina cha mita 1 hata 2. Rangi yake ni ya kijani, kwa sababu mna mimea midogo mno ambayo, ikipata mwanga wa jua, hutoa oksijeni, na vijidudu vya pale huitumia. Mwisho ni mabwawa ya kina kifupi, ambamo jua huua vijidudu vya maradhi, kama vya kipindupindu na homa ya matumbo. Mayai ya minyoo, kwa kuwa ni mazito, yamekwisha kuzama njiani.

Mwaona kwamba hapana mashine kubwa. Wafanyao kazi ni jua, vijidudu na wakati. Maji hayana budi kukaa siku nyingi. Yakiharakishwa, hutoka yakiwa na maradhi yake. Tope likiachwa miaka mingi bila kuondolewa, hujaza bwawa, na maji hupita upesi. Vivyo hivyo mvua ikiingizwa katika mabomba ya maji machafu, huyasukuma maji yatoke kabla ya wakati wake. Na mafuta ya magari hufunika maji na kuwadhuru wafanyakazi wale wadogo.

Katika Tanzania kiasi kilichowekwa ni kwamba maji yatokayo yasitake zaidi ya miligramu 30 za oksijeni kwa lita. Lakini hata maji yaliyofikia kiasi hicho si ya kunywa. Aliye chini ya mto na ayachemshe.

Nasi tulio juu tuna wajibu wetu. Tusitupe matambara chooni, wala tusimwage mafuta katika mabomba. Shimo la choo likijaa, tuite gari la kunyonya lipeleke uchafu mabwawani, wala tusilifungulie usiku wa mvua. Jirani hatauona mkono uliofungua, lakini mtoto wake atayanywa maji yale.