Konteri ya kulipa mbele: tukubali ao tukatae?

Wandugu wa migodi, Likasi na Kolwezi wengi tunalipa umeme kwa forfe: hata delestaje ikimaliza siku kumi, fakture ni ileile. Konteri ya kulipa mbele haiko vile. Moto ukikosekana, haihesabu.

Lakini angalia resho. Ya wati 1,000, ikiwaka saa tatu kila siku, inakula kilowati-saa 90 kwa mwezi. Mushahara ukichelewa, moto unakatika, mama anarudia makala. Kwenye parsele yenye wapangaji ni mubaya zaidi: nani ananunua, nani anapika?

Mimi ninasema tukubali. Ila mbele ya kutia sinyatire, uliza kama deni la zamani litakatwa kila ukinunua umeme. Likikatwa, waandike kiasi gani, na karatasi ibaki kwako.