Mtahiniwa wa Kujitegemea na Wasiwasi wa Matokeo

Miongoni mwa wanaongoja matokeo ya mitihani ya taifa nchini Tanzania, wenye fadhaa kubwa aghalabu ni watahiniwa wa kujitegemea, yaani wale ambao, baada ya kazi za mchana dukani au shambani, hujifundisha usiku kwa vitabu vya kuazima na karatasi za mitihani iliyopita, kisha wakaingia chumba cha mtihani kwa namba inayoanza na herufi P, ilhali ya mwanafunzi wa shule huanza na S. Wako wanaodhani kwamba herufi hiyo ni doa, na kwamba chuo kikiiona kitawatupa kando. Basi hukosa usingizi kwa jambo lisilo na msingi, na lile lenye msingi wakaliacha.

Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, humpa mtahiniwa huyu karatasi ile ile na kumsahihishia kwa mizani ile ile: katika kidato cha 6, A huanzia alama 80, B 70, C 60, D 50 na E 40, popote alipojisomea mtu. Tofauti ya hakika ni kuwa mwanafunzi wa shule huingia na akiba ya alama za upimaji endelevu, na anayejitegemea hana ila mtihani wa mwisho, hata homa ya siku moja ikaweza kumharibia jitihada ya mwaka mzima. Fauka ya hayo, asiye na maabara hutaabika sana katika masomo ya sayansi, kwa kuwa majaribio hayasomeki kitabuni yakaeleweka barabara.

Ama vyuo vikuu, sharti la jumla la kujiunga na shahada ni prinsipo 2, yaani masomo 2 aliyofaulu mtu kwa E au zaidi, zenye jumla ya pointi zisizopungua 4, ambapo A huhesabiwa 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. Mwenye D mbili ametimiza sharti, na mwenye C na E pia. Lakini mwenye E mbili, ijapokuwa amefaulu masomo yote mawili, ana pointi 2 tu, na mlango wa shahada haujamfungukia. Kadhalika, kutimiza sharti si kupata nafasi, maana kozi zenye waombaji wengi huchagua walio juu zaidi, na nyingine hudai masomo maalumu, kama Udaktari unavyotaka Fizikia, Kemia na Biolojia, zote tatu.

Kwa hiyo, anayejisomea na aanze kwa kuitazama kozi anayoitaka, ndipo achague masomo, wala asiyachague kwa wepesi wake halafu akatafute kozi ya kuyapokea. Na akumbuke kwamba mtihani wa kidato cha 6 haufanywi bila krediti 3 za kidato cha 4, yaani C au zaidi. Asiyezipata na arudie masomo yale aliyopungukiwa, bila haya, kwani kurudia ni haki yake.

Na yule ambaye matokeo yatamwendea kombo asidhani safari imekwisha. Mwenye D 4 za kidato cha 4, bila kuhesabu masomo ya dini, anaweza kuomba astashahada, akapanda hadi stashahada, na akiimaliza kwa wastani wa 3.0 au zaidi ana haki ya kuomba shahada kwa njia hiyo, ijapokuwa ni ndefu zaidi. Basi wakati huu wa kungoja, badala ya kuhesabu siku, na aufungue mwongozo wa udahili, aandike kozi anazozitamani pamoja na masharti yake, na kando ya kila moja aandike njia ya pili. Hapo matokeo, yawe yawayo, yatamkuta anajua hatua inayofuata.