Angalizo la Kumi na Saba

Panda Hiace pale stendi ya Bukoba uelekee Muleba, ukae siti ya nyuma ya dereva, halafu usome. Stika ya kwanza: abiria chunga mzigo wako. Ya pili: lipa nauli mapema. Ya tatu inakukataza kutoa kichwa dirishani, ya nne inakataza kutema mate, ya tano ni ya mkanda, ya sita inaikabidhi safari nzima kwa Mungu. Mkifika Kemondo muulize jirani yako stika ya mkanda imebandikwa wapi. Hajui, na anasoma vizuri tu, pengine ni mwalimu. Macho yake yameshaamua kwamba maandishi ya humu ndani hayamhusu. Lakini konda ambaye hajasema neno tangu stendi akigeuka ghafla na kusema "jamani, shikeni chuma", gari zima linashika.

Nimeanzia kwenye Hiace kwa sababu ugonjwa huohuo nimeukuta kwenye nyaraka za lugha za programu, yaani yale maelezo rasmi ya wenye lugha yanayotueleza kila funksheni inafanya nini. Humo kuna visanduku vya rangi. Vingine vina kichwa cha "zingatia", vingine "onyo". Kwa lugha ya Python, visanduku hivyo huchorwa na Sphinx, programu ya Georg Brandl iliyoanza kutolewa mwaka 2008 na kutumika kutengeneza nyaraka hizo. Mwandishi anaandika amri ya neno moja, kisanduku kinajichora chenyewe, kizuri, cha rangi. Kazi ni nyepesi mno, na wepesi huo ndio unaotuponza.

Mimi uliniponza vizuri kabisa. Wakati wa fildi niliandika programu ndogo ya Python kwa ajili ya chama kimoja cha msingi wilayani Muleba, jina nalihifadhi. Mkulima analeta kahawa ya maganda, inapimwa, karani anaingiza kilo kwenye kompyuta, mwisho wa wiki programu inatoa orodha ya malipo. Pamoja na programu niliandika mwongozo wa kurasa 14. Niliuonea fahari. Ulikuwa na visanduku 23 vya ANGALIZO: usiweke chai karibu na kibodi, usimpe mtu neno lako la siri, umeme ukikatika usiogope, programu hii imeandikwa kwa Python 3, tumia nukta na si mkato kwenye desimali. Kisanduku cha 17, ukurasa wa 9, kilisema kabla ya kubonyeza "Funga Wiki" hakikisha umenakili faili la uzito kwenye flashi. Nilikiandika kwa sababu kitufe kile kilikuwa kinapiga hesabu, kinatuma orodha kwenye printa, kisha kinafuta uzito wote ili wiki mpya ianze na faili jeupe.

Ijumaa moja karani alibonyeza. Wino wa printa ulikuwa umekwisha. Orodha haikutoka, na uzito wa siku tano ulikuwa umeshafutwa.

"Shikamoo mzee. Lakini si niliandika?"

"Marahaba. Wapi, mwanangu?"

"Ukurasa wa 9, kwenye kisanduku."

"Waitu, visanduku viko vingi. Cha kwanza kiliniambia nisimwage chai. Nikajua hivi vimeandikiwa watoto."

Ilibidi wakulima waitwe warudi na stakabadhi zao za karatasi, tukaingiza upya moja moja kwa siku mbili. Mama mmoja alikuwa amepoteza ya kwake. Karani alikumbuka kumwona, mpimaji alikumbuka kumpimia, ila kilo ngapi hakuna aliyejua. Alilipwa kwa makadirio, na hadi leo sijui kama alizidishiwa au alipunjwa. Ilikuwa hela ya ada.

Niliporudi chuo nilisoma upya nyaraka za Python, safari hii nikiangalia namna zilivyoandikwa. Wenye Python wana mwongozo wao wa ndani kwa wanaoandika nyaraka. Unataka maelezo yaseme lugha inafanya nini na itumiwe vipi ifanye kazi vizuri, na maneno ya mtindo wa "hiki ni hatari" au "hiki ni cha mabingwa tu" yaepukwe, isipokuwa pale panapohusu usalama au programu kuanguka vibaya. Wametoa na mfano, wa kufunga faili. Toleo wanalolikataa linaonya kwamba usipofunga faili mwenyewe unaweza kupoteza data, na kwamba usitegemee lugha ikufungie. Toleo wanalolikubali linasema utaratibu mzuri ni kufunga faili kwa try na finally, au kutumia with, ili data iandikwe yote na faili liachiwe kwa wakati.

Soma matoleo hayo mawili ukiwa mwaka wa kwanza. La kwanza linakuacha na hofu bila kazi ya kufanya. La pili linakupa neno with, unaliandika, na hatari imepita bila hata wewe kuijua jina. Na hatari yenyewe ni ya kweli: unachoandika kwenye faili huwa hakiendi diski papo hapo, kinakaa kwanza kwenye kumbukumbu kikisubiri vingine, kama abiria wanaosubiri gari lijae. Programu ikikatika kabla gari halijaondoka, abiria wale wamekwisha.

Kwetu Muleba jambo hili linajulikana kwenye migomba. Mnyauko wa bakteria uligunduliwa wilayani kwetu mwaka 2006, ikiwa mara ya kwanza kwa Tanzania. Majani yanageuka njano na kulegea, ndizi zinaiva kabla ya wakati na ndani zimeoza. Wadudu huubeba ugonjwa kutoka ua dume la mgomba mmoja hadi mwingine, na panga huubeba kutoka shina hadi shina. Hapo ungeweza kumjazia mkulima orodha ya usifanye hiki wala kile hadi achoke. Ushauri ulioingia vibanjani ulikuwa wa vitendo: kichane cha mwisho kikishatoka, vunja ua dume kwa kijiti cha panda, panga lipitishe kwenye moto au lioshe kwa Jiki kabla ya kuhamia mgomba mwingine, shina lililougua liondoe. Bibi yangu hakuwahi kunitamkia neno bakteria. Alinipa kijiti cha panda akanionyesha pa kuvunjia. Kijiti kile ndiyo with yake.

Sasa asije mtu akasema ninataka maonyo yafutwe yote. Nyaraka za Python zina maonyo ambayo mimi ningeyaongezea wekundu. Moduli ya pickle hugeuza vitu vya programu yako kuwa baiti ili uvihifadhi na kuvirudisha baadaye. Juu kabisa ya ukurasa wake kuna onyo kwamba si salama, na kwamba ufungue tu data unayoiamini. Sababu yake ni nzito: aliyetengeneza faili la namna hiyo anaweza kuifanya kompyuta yako itekeleze anachotaka yeye wakati ule ule unapolifungua. Kwa macho huwezi kulijua. Kwa akili ya kawaida huwezi kulikisia, maana nani anategemea kwamba kusoma faili ni sawa na kuliendesha? Likishafanya lililofanya, huwezi kulirudisha nyuma.

Onyo la moduli ya random nalo limekaa vizuri. Linasema usiitumie kwa mambo ya usalama, kisha linakuelekeza kwenye moduli ya secrets, iliyoingizwa katika Python 3.6 mwaka 2016. Namba za random zinaonekana za kubahatisha, lakini anayejua kanuni yake akipata 624 mfululizo, zile kamili za biti 32, anaweza kukokotoa zinazofuata. Kuna projekti za mwaka wa tatu zinazotengeneza namba za siri za mara moja kwa random. Zinafanya kazi siku ya kuwasilisha, panelisti anatikisa kichwa, unapata B+. Hakuna kitakachokushtua. Kwa sababu hakuna kitakachokushtua, mwandishi wa nyaraka anapaswa kukushtua yeye.

Kipimo nilichobaki nacho kinatokana na hapo. Najiuliza: msomaji akikosea, ataliona kosa papo hapo? Kama lugha yenyewe itamgomea na kumpa ujumbe, basi ujumbe umeshafanya kazi, mimi ninyamaze. Kama ataliona baadaye na anaweza kurekebisha, sentensi ya kawaida mahali pake inatosha. Kosa likiwa la kimya na lisilorekebishika, hapo ndipo pa kisanduku. Chai kwenye kibodi haikupaswa hata kuwa sentensi.

Kuna ambayo yako katikati, nakubali. Funksheni ya round ina kisanduku kinachosema kwamba round(2.675, 2) itakupa 2.67 wakati wewe ulitegemea 2.68, na kwamba lugha haijakosea: desimali nyingi haziwezi kuandikwa kamili kwa namba mbilimbili za kompyuta, hivyo 2.675 iliyohifadhiwa ni ndogo kidogo kuliko 2.675 ya kwenye daftari. Ni kosa la kimya, na kwa anayelipa watu hela ni la kuudhi. Mimi ningeliweka kama aya ya kawaida tu. Rafiki yangu anayesoma uhasibu anasema ningekuwa mwendawazimu.

Na kuonya kwa uchache haina maana ya kuonya mara moja mwanzoni halafu basi. Hakuna anayesoma nyaraka kuanzia ukurasa wa kwanza. Unatafuta jina la funksheni, unadondokea katikati, unanakili mistari mitatu, unaondoka kabla bando halijakata. Wenye PHP walilijua hilo. Funksheni za zamani za mysql ziliondolewa katika PHP 7.0 mwaka 2015, na kila ukurasa wa funksheni hizo una kisanduku chekundu juu kinachosema zimeondolewa na utumie zipi badala yake. Kisanduku kimerudiwa makumi ya mara, na bado hakichoshi, kwa sababu kila msomaji anakutana nacho mara moja, pale pale anapotaka kukosea. (Wanaohitaji kisanduku hicho zaidi ni wale wanaosoma mysql_query kwenye madesa yaliyorithiwa toka kwa kaka zao. Madesa hayana visanduku.)

Lakini kilichoniuma zaidi ni kitu kingine. Visanduku vyangu 23 sikumwandikia karani. Nilijiandikia mwenyewe. Kila nilipoona sehemu ya programu inayotia shaka, badala ya kuirekebisha niliandika angalizo, nikalala usingizi. Likitokea la kutokea, si niliandika? Na ndivyo nilivyomjibu mzee wa watu, mbele ya mama aliyepoteza stakabadhi.

Python yenyewe ilishawahi kuwa na shimo la namna hiyo. Katika Python 2, funksheni ya input ilichukua alichoandika mtumiaji na kukitekeleza kama msimbo. Mtu anaulizwa umri, badala ya namba anaandika amri, na kompyuta inatii. Nyaraka ziliwashauri watu watumie raw_input. Python 3 ilipotoka mwaka 2008, input ilibadilishwa ipokee maandishi tu, na raw_input ikaondoka kwa jina hilo. Ushauri ule hauhitajiki tena, kwa kuwa shimo limefukiwa.

Nami nikafukia langu. "Funga Wiki" sasa inanakili faili kwanza, inaliandika tarehe, na haifuti chochote. Wiki mpya inaanza na faili jipya na la zamani linabaki. Ilinichukua mistari sita ya msimbo. Kisanduku cha 17 kilikuwa na mistari minne ya maneno, kwa hiyo uvivu wangu ulikuwa umeokoa mistari miwili. Desimali zenye mkato programu inazibadilisha yenyewe. Toleo la Python inalikagua inapowaka. Kisanduku baada ya kisanduku kilikosa kazi.

Mwongozo mpya una kurasa nne. Umebaki na onyo moja, juu ya ukurasa unaoeleza kupima: kompyuta na flashi vikiharibika au vikiibwa pamoja, programu haiwezi kurudisha uzito wa mkulima, kwa hiyo kila upimaji uandikwe pia kwenye daftari kabla gunia halijaondoka kwenye mzani. Hilo sikuweza kulifukia kwa msimbo, nimejaribu.

Msimu uliofuata nilipita pale nikielekea nyumbani Kamachumu. Mwongozo wenyewe sikuuona mezani. Ukurasa wenye onyo ulikuwa umekatwa kwa mkasi na kubandikwa ukutani juu ya mzani, na chini yake, kwa kalamu ya karani, palikuwa na neno moja la nyongeza: DAFTARI.