Ua la uani na fito za mwilini zisizoonekana

Katika nyua za mitaa ya Kakamega, huenda ukaliona ua dogo la rangi ya waridi au nyeupe, lenye majani ya kijani yanayong'aa. Wengi hulipanda kwa urembo tu, kwani halisumbui wala halidai maji mengi. Jina lake ni vinka na asili yake ni kisiwa cha Bukini. Ni wachache wanaofahamu kwamba majani yake yana kitu ambacho kimewaokoa watoto wengi wenye saratani, wakiwamo wa huku kwetu magharibi mwa Kenya.

Je, msomaji, jani la ua huwezaje kupambana na saratani? Jibu limo ndani ya seli, zile chembe hai ndogo zinazoujenga mwili.

Fito ndani ya ukuta

Itazame nyumba ya udongo ya kijijini. Mgeni huona ukuta, lakini kinachousimamisha ukuta huo ni nguzo na fito zilizofichwa ndani yake. Seli nayo ina kiunzi cha namna hiyo, na fito zake ni protini. Zilizo nene zaidi ni mirija iliyojengwa kwa protini iitwayo tubulini. Vipande vya tubulini hujipanga kwa safu, kwa kawaida 13, zikazunguka mpaka ukatokea mrija wenye uwazi katikati kama mwanzi. Ni myembamba ajabu. Ukiipanga mirija 40,000 bega kwa bega, upana wake utakuwa milimita moja tu.

Tofauti na fito za nyumba, mirija hii hujengwa na kubomolewa kila mara. Seli inapotaka kugawanyika iwe mbili, hujenga mirija mipya, nayo hufanya kazi ya kamba: huvuta nusu ya kromosomu upande huu na nusu upande ule. Kamba zisipokuwapo, seli hukwama na mara nyingi hufa.

Hapo ndipo dawa ya vinka inapoingia. Dawa hiyo, vinkristini, huishika tubulini na kuizuia isijipange. Seli za saratani hugawanyika kwa kasi, na ndizo hupata pigo kubwa zaidi.

Uvimbe wa taya

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote. Haukupita muda akamwona mtoto mwingine wa namna hiyo huko Jinja. Aliandika juu ya uvimbe huo mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walifunga safari ya kilomita zipatazo 16,000 kwa gari, wakiuliza hospitali baada ya hospitali wapi uvimbe huo unaonekana na wapi hauonekani. Waliukuta katika maeneo ya joto na mvua, yale yale yenye malaria nyingi.

Leo saratani hiyo huitwa limfoma ya Burkitt. Inahusiana na malaria ya mara kwa mara pamoja na virusi vya Epstein-Barr, vilivyogunduliwa mwaka 1964 katika uvimbe wa watoto wa Uganda. Eneo letu la bonde la Ziwa Victoria, Kakamega ikiwamo, ni eneo la malaria, kwa hiyo jambo hili si la mbali. Vinkristini ni mojawapo ya dawa zinazotumika kuitibu.

Kutoka ubongo wa ng'ombe hadi kiwavijeshi

Ili kuelewa dawa inavyoishika tubulini, na kutafuta dawa bora zaidi, watafiti huhitaji tubulini safi mezani. Kwa miaka mingi waliitoa katika ubongo wa ng'ombe na nguruwe kutoka machinjioni, kwa kuwa ubongo umejaa protini hiyo. Tatizo ni kwamba ile ni mchanganyiko wa aina nyingi, tena si ya binadamu.

Ndipo wataalamu wakageukia uhandisi wa jeni. Jeni ni maagizo yanayoiambia seli protini ipi itengenezwe. Jeni ya binadamu hunakiliwa na kuingizwa katika kiumbe kingine, nacho huitengeneza protini yetu bila kujua ni ya nani. Insulini ya binadamu kwa wagonjwa wa kisukari imetengenezwa hivyo kwa bakteria, ikaruhusiwa Marekani mwaka 1982. Tubulini, hata hivyo, ni ngumu kukunjwa, na bakteria huishindwa. Katika miaka ya 2010 watafiti walifaulu kutengeneza tubulini ya binadamu wakitumia seli za wadudu.

Baadhi ya seli za wadudu zitumiwazo katika kazi hiyo asili yake ni kiwavijeshi wa Amerika, yule yule aliyevamia mahindi ya wakulima wa magharibi mwa Kenya mwaka 1967? La, ni juzi tu, mwaka 2017! Adui wa shambani amegeuka kibarua wa maabara.

Faida yake ni kwamba mtafiti sasa anaweza kuchunguza aina moja ya tubulini peke yake, na kuuliza: ipi iko zaidi katika seli za saratani, na ipi katika mishipa ya fahamu? Hata hivyo, protini hii ni ya maabara tu. Si dawa, wala haipewi mgonjwa.

Neno kwa wazazi

Swali hilo la mishipa ya fahamu si la vitabuni tu. Mshipa unaotoka uti wa mgongo hadi kidole cha mguu hutegemea mirija ile ile kama njia ya reli ya kusafirishia mahitaji yake. Ndiyo sababu mtoto anayetibiwa kwa vinkristini huweza kufa ganzi miguuni, kuburuta nyayo au kufunga choo. Mzazi akiona hivyo asimkatize mtoto matibabu. Amweleze daktari, apime kipimo cha dawa.

Wala mtu asichemshe majani ya vinka nyumbani. Mamia ya kilo za majani makavu hutoa gramu moja tu ya dawa, na ndani yake mna sumu nyingine nyingi. Kikombe cha majani hakina kipimo.

Uvimbe wa Burkitt huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Katika nchi tajiri watoto wengi hupona. Huku kwetu wengi hupotea kwa sababu walidhaniwa wana jino bovu, wakafika wamechelewa, au wakaacha matibabu njiani. Taya la mtoto likivimba na meno yakalegea, au tumbo likafura ghafla, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na ukuta wa mwili wa mtoto hujengwa mara moja tu.