Kwa Miguu hadi Namugongo

Ikifika nusu ya pili ya Mei, dereva wa lori anayetoka Busia kuelekea Kampala hana budi kuongeza umakini. Kandokando ya lami kuna misururu ya watu. Mbele kijana amebeba msalaba wa mbao, anafuatwa na bendera ya parokia, kisha akina mama waliojifunga kanga kiunoni, wazee wenye fimbo, na nyuma kabisa gari dogo lililosheheni magodoro, sufuria na madumu ya maji. Baadhi yao ni Wakenya ambao walikwisha kutembea siku kadhaa kabla ya kuuona mpaka. Kutoka magharibi, pande za Mbarara na Fort Portal, wanakuja wenzao. Wote wanataka wawe Namugongo kabla ya tarehe 3 Juni, siku ambayo Uganda nzima iko mapumzikoni.

Namugongo iko nje kidogo ya Kampala, kaskazini-mashariki mwa jiji. Zamani ilikuwa mojawapo ya sehemu walikopelekwa watu waliohukumiwa kifo na wafalme wa Buganda. Waislamu wana mashahidi wao hapo, waliouawa enzi za mfalme Muteesa kwa kushika dini kuliko alivyopenda. Mwanawe na mrithi wake, Mwanga, aliwageukia Wakristo. Alikuwa kijana, alihofia Wazungu waliokuwa wakiukaribia ufalme wake, na alikasirishwa na watumishi wa ikulu waliothubutu kumkatalia matakwa yake kwa sababu ya imani yao mpya. Kati ya mwaka 1885 na 1887 waliuawa Wakatoliki 22 na Waanglikana 23 wanaokumbukwa kwa majina. Kundi kubwa lilichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, likiwa limeviringishwa katika mikeka ya matete.

Kabla ya moto kulikuwa na safari, na hapo ndipo desturi ya leo inapochota maana yake. Hukumu ilitolewa Munyonyo, kando ya Ziwa Victoria, mwishoni mwa Mei. Usiku wa kuamkia hukumu hiyo Charles Lwanga, mkubwa wa vijana wa ikulu, aliwabatiza wenzake waliokuwa bado wakifundishwa, akiwemo Kizito, mvulana wa miaka 14 hivi. Kisha wakafungwa kamba na kutembezwa hadi Namugongo. Wengine waliuawa njiani. Kwa hiyo hujaji anayechechemea kuelekea huko hatafuti kaburi tu. Anafanya kwa miguu yake jambo lililofanywa na vijana wale, ingawa yeye ana hiari ya kupanda boda boda wakati wowote, na anajua hivyo.

Waliokwenda kwa basi nao ni mahujaji, hakuna anayewakana. Lakini ukizungumza na watu walioijaribu njia yote, mara nyingi kinachosimuliwa kwa kirefu si misa ya kilele bali vituo vya kulala.

Jioni msafara unaingia kwenye parokia au shule ya msingi. Wenyeji wamekwisha kuchemsha maji. Beseni linawekwa chini, chumvi inatiwa, na watu wanakaa kwenye madawati ya wanafunzi wakiingiza miguu kwa zamu. Malengelenge yanatobolewa kwa sindano iliyopitishwa kwenye moto. Mara nyingi anayeishika sindano ni mtu ambaye asubuhi hakuwa akijulikana hata jina. Baadaye kinakuja chakula, posho na maharage, kilichopikwa na akina mama wa kijiji ambao hawatawaona tena wageni hao. Halafu rozari, halafu usingizi sakafuni. Saa kumi alfajiri wimbo unaanza tena, na asiyeamka anaamshwa.

Humo ndimo imani ya wengi inapokomaa, kuliko kwenye mahubiri. Mtu aliyezoea kutoa sadaka kanisani anajikuta yeye ndiye wa kupokea: maji, ndizi, hata kandambili za mtu mwingine. Kwa mwenye cheo nyumbani, hilo si dogo. Hasira nazo hujitokeza, maana uchovu haufichi tabia ya mtu, na viongozi wa msafara wana kazi ya kupatanisha watu ambao jana yake walikuwa wakiimba pamoja.

Viongozi hao kwa kiasi kikubwa ni walei: makatekista, wenyeviti wa jumuiya ndogondogo, mama mmoja mwenye sauti ya kuongoza nyimbo. Jambo hili lina mizizi. Mapadre wa shirika la kimisionari la White Fathers waliofika Buganda mwaka 1879 waliondoka mwishoni mwa 1882, wakahamia kusini mwa ziwa, upande wa Mwanza ya leo, na hawakurudi hadi 1885. Katika kipindi chote hicho waumini walifundishana wenyewe. Joseph Mukasa Balikuddembe aliwaongoza Wakatoliki wa ikulu mpaka alipouawa Novemba 1885, na Lwanga akaushika uongozi. Ukristo huo ulilelewa na vijana, tena wengine hata ubatizo walikuwa hawajapata.

Ukifika Namugongo, mambo ni mchanganyiko. Basilika ya Wakatoliki, iliyowekwa wakfu mwaka 1975, imejengwa kwa umbo la nyumba ya kienyeji ya Buganda, ikizungukwa na nguzo 22, moja kwa kila shahidi wa Kanisa hilo. Altare iko mahali Lwanga alipochomwa peke yake. Waanglikana wana eneo lao jirani, mahali kundi lilipoteketezwa, na sanamu zake zinaonyesha mateso waziwazi kiasi cha kumfanya mtu ageuze uso. Papa Paulo wa Sita aliwatangaza Wakatoliki wale kuwa watakatifu mwaka 1964 bila kuwasahau Waanglikana katika mahubiri yake, na mwaka 1969 akaja Uganda mwenyewe. Hata hivyo ibada za tarehe 3 zinaendelea sehemu mbili, na msongamano wa barabara ni mmoja.

Nje ya geti kuna biashara: rozari, picha za Papa, miavuli, mishikaki. Ndani kuna ziwa dogo, na watu wanajaza maji yake katika chupa na vidumu kupelekea wagonjwa. Wapo wanaoyatarajia yafanye kazi ya dawa, na si kila padre anafurahia. Ila kumdharau bibi aliyetembea wiki mbili kwa sababu ya chupa yake ni wepesi wa watu waliokuja kwa gari.

Kurudi ni kwa basi. Miguu imevimba, sauti zimekauka, na mweka hazina anapita kwenye viti akidai michango iliyobaki. Akimaliza, anafungua ukurasa mpya wa daftari kwa ajili ya wanaotaka kwenda mwakani, na waliolalamika zaidi njiani hawachelewi kutaja majina yao.